Watu wanasema nini hasa wanapotaka serikali ilipie dawa?

Mjadala wa bei za dawa unapopamba moto, hazikosekani takwimu mbili zinazogombana. Moja inasema karibu watu wote wanataka serikali ibebe gharama za dawa wanazoandikiwa na madaktari. Nyingine, pengine kutoka nchi hiyohiyo na mwaka huohuo, inasema walio wengi hawataki. Wanasiasa huchukua ile inayowafaa, na msomaji hubaki akijiuliza kama wananchi ni vigeugeu au watafiti ndio wababaishaji. Kwa kawaida hakuna mwenye kosa. Watu waliulizwa maswali mawili tofauti, wakayajibu yote mawili kwa ukweli.

Tuanze na maneno yenyewe. Dawa za cheti ni zile ambazo mfamasia haruhusiwi kukupa mpaka daktari au mhudumu mwingine mwenye idhini akuandikie: za shinikizo la damu, kisukari, pumu, saratani, antibiotiki na kadhalika. Dawa ya mafua unayojinunulia bila kuulizwa haimo katika mjadala huu. Mgonjwa aliyelazwa naye kwa kawaida hayumo, kwa kuwa dawa zake huhesabiwa pamoja na gharama za hospitali. Anayezungumziwa ni yule aliyemwona daktari, akatoka na cheti mkononi, akaenda duka la dawa.

Hapo ndipo mifumo mingi ya afya ina mwanya. Canada inasifika kwa matibabu ya umma, lakini sheria yake ya afya ya mwaka 1984 inahakikisha huduma ya daktari na hospitali tu. Dawa za kumezea nyumbani haikuzigusa. Marekani ilipoanzisha Medicare mwaka 1965, bima ya serikali kwa watu wa miaka 65 na zaidi, nayo iliziacha nje dawa hizo. Mwanya huo umechukua miongo kuzibwa, na bado haujazibika wote.

Neno la pili ni "kulipia", na hili ndilo linalochanganya zaidi. Serikali inaweza kulipa bei yote, mgonjwa asitoe hata senti. Inaweza kulipa sehemu kubwa na kumwachia mgonjwa mchango mdogo kila anapochukua dawa. Inaweza kumwacha ajilipie mwenyewe mpaka afikie kikomo fulani kwa mwaka, ndipo ibebe kinachozidi. Au inaweza kulazimisha kila mtu awe na bima, ya kazini au ya umma, kama jimbo la Quebec nchini Canada lilivyofanya mwaka 1997. Yote haya huitwa serikali kulipia dawa. Mtu akisema anaunga mkono, bado hajakwambia anaunga mkono lipi.

Uingereza pekee inatosha kuonyesha tofauti hizo. Huduma ya afya ya taifa ilipozaliwa Julai 1948, dawa zilikuwa bure kwa kila mtu. Mwaka 1952 serikali ikaanza kutoza shilingi moja ya Kiingereza kwa kila cheti. Tozo hiyo ikafutwa mwaka 1965, ikarudishwa mwaka 1968. Baadaye Wales ikaifuta mwaka 2007, Ireland ya Kaskazini mwaka 2010 na Scotland mwaka 2011, lakini England ikaendelea nayo. Mwaka 2024 ilifika pauni 9.90 kwa kila dawa. Sasa ukimwuliza mtu wa England kama dawa ni bure, jibu litategemea umri wake na hali yake. Watoto, wenye miaka 60 na kuendelea, wajawazito, watu wa kipato cha chini na wenye magonjwa fulani hawatozwi, kiasi kwamba karibu dawa tisa kati ya kumi zinazotolewa huko hazilipiwi na anayezichukua. Anayesema England dawa zinalipiwa yuko sahihi. Anayesema ni bure naye hakosei sana.

Swali rahisi na swali gumu

Hebu fikiria jengo la ghorofa sita lisilo na lifti. Waulize wakazi kama wangependa lifti, karibu wote watasema ndiyo. Kisha uliza kama kila nyumba ichangie kiasi kilekile. Wa ghorofa ya chini ataguna. Wa ghorofa ya sita atasema ni haki. Mwingine atauliza ni lifti ya aina gani na nani ataitengeneza ikiharibika, na yule mwenye ngazi yake ya nyuma ataogopa isije ikabomolewa. Hakuna aliyebadilisha mawazo. Ni swali lililokua.

Hivyo ndivyo ilivyotokea Canada mwaka 2015, taasisi ya Angus Reid ilipowauliza wananchi kuhusu mpango wa taifa wa kulipia dawa. Takriban tisa kati ya kumi waliunga mkono wazo lenyewe, kiwango ambacho ni nadra kukiona katika jambo lolote la siasa. Lakini walipoulizwa kama kodi ya mauzo ipandishwe kwa pointi moja ya asilimia ili kupata fedha hizo, walio wengi walikataa. Kupandisha kodi ya makampuni kulipokelewa vizuri zaidi. Mpinzani wa mpango atakuambia kwamba wananchi hawautaki kwa dhati. Mtetezi atasema tisa kwa kumi ni sauti ya taifa. Mimi naona wote wawili wanasoma nusu ya karatasi. Wananchi walisema wanataka mpango, na wakasema ni mfuko upi wasingependa uguswe.

Marekani nayo ina mfano wake, ingawa huko swali lilikuwa la bei: je, serikali ipewe ruhusa ya kujadiliana na makampuni ya dawa? Taasisi ya KFF ilipouliza mwaka 2019, zaidi ya wanane kati ya kumi walikubali. Walipoambiwa kwamba hatua hiyo huenda ikapunguza utafiti wa dawa mpya, waliounga mkono wakashuka chini ya nusu. Hoja moja tu, iliyosomwa kwa simu, iliwageuza wengi kiasi hicho. Lakini mwaka 2021 taasisi hiyohiyo iliwasomea watu hoja za pande zote mbili, ya makampuni na ya watetezi wa mpango. Safari hii maoni hayakuyumba sana. Asilimia 83 walikuwa wameunga mkono mwanzoni, na walio wengi wakabaki palepale.

Tofauti ya tafiti hizo mbili inafundisha kitu. Mtu akisikia hatari tu, huogopa. Akisikia hatari pamoja na jibu lake, hupima. Kwa hiyo unapoona takwimu inayodai wananchi wamegeuka, tafuta walisomewa nini kabla ya kujibu.

Wanaochangia na wanaofaidi

Kuna nyakati maoni hutoka kwenye karatasi za watafiti yakaingia barabarani. Mwaka 1988 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwakinga wazee na gharama kubwa za matibabu, ikiwemo kuwalipia dawa. Rais Ronald Reagan akaisaini. Kwenye karatasi ilikuwa zawadi. Ila gharama yake iliwekwa juu ya wazee wenyewe, na wenye kipato kizuri walitakiwa kuongeza mchango wa hadi dola 800 kwa mwaka. Waliopaswa kulipa kiwango hicho cha juu walikuwa wachache, lakini wengi waliamini ni wao. Tena wengi wa wale waliotakiwa kuchangia zaidi walikuwa tayari na bima nzuri kutoka kwa waajiri wao wa zamani, kwa hiyo walijiona wanalipia mara ya pili kitu walicho nacho. Agosti 1989, mjini Chicago, wazee wenye hasira walilizingira gari la mbunge Dan Rostenkowski, mwenyekiti wa kamati ya kodi, mpaka akalazimika kutoka na kwenda kwa miguu. Miezi michache baadaye sheria ikafutwa.

Tukio hili husimuliwa kama ushahidi kwamba wazee walikataa kulipiwa dawa. Hawakukataa dawa. Walikataa mgao wa gharama, na sehemu ya hasira ilitokana na kutoelewa nani analipa nini. Fundisho hilo liliwakaa wanasiasa akilini, kwani ilipita miaka kumi na minne kabla ya bunge kupitisha tena mpango wa dawa kwa wazee.

Mpango huo ni Sehemu D ya Medicare, uliosainiwa na George W. Bush Desemba 2003 na kuanza Januari 2006. Safari hii sehemu kubwa ya gharama ilitoka kwenye kodi za jumla. Hata hivyo mwanzoni wazee wengi hawakuupenda, na ukiangalia ulivyopangwa utaelewa kwa nini. Chukua mgonjwa mwenye dawa za dola 300 kwa mwezi, katika mpango wa kawaida wa mwaka 2006. Dola 250 za kwanza za mwaka alijilipia mwenyewe. Kuanzia hapo alilipa robo ya bei, bima ikalipa robo tatu, mpaka jumla ya dawa zake ilipofika dola 2,250. Kwake yeye hiyo ni kama katikati ya Agosti. Baada ya hapo bima ikanyamaza. Septemba akifika kaunta na cheti kilekile, kwa dawa zilezile, anaambiwa alipe dola 300 nzima, na hivyo hivyo mpaka Desemba, huku ada yake ya bima ya kila mwezi ikiendelea kukatwa. Kwa mwaka mzima atakuwa ametoa dola 2,100 kati ya 3,600, kabla ya kuhesabu ada. Bima ingerudi tu kama angekuwa ametumia dola 3,600 kutoka mfukoni mwake.

Eleza mpango huo kwa mtu yeyote kwenye simu, kisha umuulize kama anaupenda. Bado, baada ya watu kujiandikisha na kuanza kuutumia, wengi walisema umewasaidia, na leo zaidi ya watu milioni 50 wamo. Shimo lile la katikati lilianza kuzibwa na sheria ya mwaka 2010, na tangu mwaka 2025 kuna kikomo cha kile mgonjwa anachotoa kwa mwaka, kilichoanza na dola 2,000. Akikifikia, halipi tena kwa dawa zilizomo katika mpango wake. Maoni kuhusu mpango unaojadiliwa na maoni kuhusu mpango ambao mtu ameshauzoea hayalingani. La kwanza ni hofu na matumaini. La pili ni risiti.

Kulipiwa si kupunguziwa bei

Hili ndilo kosa ninalokutana nalo mara nyingi zaidi, hata kwa watu waliosoma. Tunadhani serikali ikilipia dawa, dawa imeshuka bei. Hapana. Mlipaji amebadilika. Bei inaweza kubaki ileile au hata kupanda, kwa kuwa anayenunua haisikii tena. Sheria iliyoanzisha Sehemu D iliikataza waziwazi serikali kuingilia majadiliano ya bei kati ya makampuni ya dawa na mashirika ya bima. Serikali ililipa mabilioni bila kuruhusiwa kusema "punguza".

Insulini ni mfano mwingine. Sheria iliyosainiwa na Joe Biden Agosti 2022 iliweka kikomo cha dola 35 kwa mwezi kwa insulini kwa walio kwenye Medicare, kuanzia mwaka 2023. Wengi waliripoti kwamba insulini sasa ni dola 35. Dola 35 ni kiasi anachotoa mgonjwa. Kinachobaki kinalipwa na bima, yaani na wachangiaji wote na walipa kodi. Kipengele kingine cha sheria hiyohiyo ndicho kilichogusa bei yenyewe, kwa kuiruhusu serikali kujadiliana juu ya dawa chache zinazoigharimu sana. Dawa kumi za kwanza zilitangaziwa bei mpya mwaka 2024, na bei hizo zikaanza kutumika Januari 2026.

Utafiti wa maoni usiotenganisha mambo haya mawili hautuambii mengi. Mtu anayetaka asiumie kaunta na mtu anayetaka makampuni yapunguze bei wanaweza kuwa watu tofauti kabisa kisiasa, lakini kwenye swali la jumla wote wataweka alama ya "ndiyo".

Je, watu hawatameza ovyo?

Hoja hii haikosekani: kitu cha bure hakithaminiwi, kwa hiyo wagonjwa watajaza makabati dawa. Ina chembe ya ukweli, na ni vizuri kuipima bila dharau. Taasisi ya RAND ilifanya jaribio kubwa la bima nchini Marekani kuanzia miaka ya 1970 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980, baadhi ya familia zikitibiwa bure na nyingine zikichangia. Waliochangia walitumia huduma chache zaidi, na kwa wastani afya za wengi hazikuharibika kwa hilo. Tatizo ni kwamba walipunguza huduma zenye faida na zisizo na faida kwa kiwango kinachokaribiana, maana mgonjwa hana namna ya kujua kipi ni kipi. Na maskini wenye shinikizo la damu walidhibitiwa vizuri zaidi pale huduma ilipokuwa bure.

Upande wa dawa hasa, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliwafuatilia watu waliotoka kupata mshtuko wa moyo, baadhi wakipewa dawa zao za kinga bila malipo. Ufuataji wa dawa ulipanda kwa pointi nne hadi sita za asilimia tu. Hata zilipokuwa bure, dozi nyingi hazikumezwa inavyotakiwa. Hao si watu wanaokimbilia vidonge. Nani anafurahia kumeza dawa ya kolesteroli kila usiku?

Upande wa pili wa kaunta unasikika mara chache zaidi. Mteja ana cheti cha dawa tatu. Mfamasia anapiga hesabu, anataja jumla. Mteja anakaa kimya kidogo, kisha anauliza ni ipi kati ya hizo iliyo muhimu kuliko nyingine. Mfamasia hana jibu zuri, kwa sababu daktari aliandika tatu akimaanisha tatu. Mteja anachukua moja, tena nusu ya idadi. Hapigi kelele wala haandamani. Katika utafiti ule wa Canada wa mwaka 2015, takriban mmoja kati ya wanne alisema yeye au mtu wa nyumbani kwake hakutumia dawa kama alivyoandikiwa kwa sababu ya gharama. Ukitaka kujua kwa nini wazo la serikali kulipia linapata alama za juu namna ile, anza hapo.

Orodha

Hakuna serikali inayolipia kila dawa iliyopo duniani. Kila mpango una orodha, na kila orodha ina waliobaki nje. Australia ina kamati ya wataalamu ambayo bila pendekezo lake dawa mpya haiingii. New Zealand ina shirika la Pharmac, lililoanzishwa mwaka 1993, linalopewa bajeti yenye kikomo na kuambiwa ununuzi wake utoshee humo. Ukikubali kulipia dawa moja ya bei kali, kuna nyingine umezikataa, hata kama hakuna atakayezitaja gazetini.

Hapa maoni ya umma hufanya kazi kwa namna ya pekee: hayapendi hesabu, yanapenda nyuso. Pharmac ilikubali kulipia Herceptin, dawa ya saratani ya matiti, kwa wiki tisa, ikiona ushahidi wa muda mrefu zaidi hautoshi kwa bei ile. Wagonjwa walidai miezi kumi na miwili. Chama cha National kikaahidi hivyo katika uchaguzi wa mwaka 2008, kikashinda, na Desemba mwaka huo serikali ikalipia miezi kumi na miwili kwa fedha zilizopitishwa nje ya Pharmac. Unaweza kuuita ushindi wa wananchi. Unaweza pia kuuliza kuhusu mgonjwa wa ugonjwa usio na kampeni, ambaye dawa yake iliendelea kusubiri foleni ya kawaida. Nakiri upande wa pili unanivuta zaidi, ingawa ni rahisi kusema hivyo kwa asiye na ugonjwa.

Kura zinapopigwa kweli

Utafiti wa maoni hauna gharama kwa anayejibu. Kura ina matokeo. Australia ilijaribu kuanzisha mpango wa kulipia dawa kwa sheria ya mwaka 1944, Mahakama Kuu ikasema serikali kuu haina mamlaka hayo. Serikali ikaenda kwa wananchi. Septemba 1946 wakapiga kura ya kubadili katiba, wakakubali, katika nchi ambayo mapendekezo manane tu kati ya 45 yamewahi kupita mpaka sasa. Mpango uliotokana na kura hiyo ungalipo.

California ilionyesha upande mwingine. Novemba 2016 wapigakura waliletewa pendekezo la kuzuia mashirika ya jimbo yasinunue dawa kwa bei inayozidi ile inayolipwa na idara ya maveterani, yaani wanajeshi wastaafu. Miezi kabla ya uchaguzi, tafiti zilionyesha linaongoza kwa mbali. Upande wa upinzani, uliofadhiliwa na makampuni ya dawa, ukatumia zaidi ya dola milioni 100. Pendekezo likaanguka, asilimia 53 wakikataa. Fedha zilifanya kazi yake, ila si peke yake: baadhi ya vyama vya maveterani viliogopa kwamba makampuni yangewapandishia wao bei ili kikomo cha jimbo nacho kipande. Pendekezo kama hilo lilifika Ohio mwaka uliofuata, likakataliwa na karibu wapigakura wanane kati ya kumi.

Canada, yenye wale tisa kati ya kumi, ilipata sheria yake Oktoba 2024. Baada ya miaka sitini tangu tume ya jaji Emmett Hall ipendekeze hatua ya aina hiyo, sheria imeanza na makundi mawili tu, dawa za kisukari na za kuzuia mimba, na kila jimbo linatakiwa kusaini makubaliano yake na serikali kuu. Kufikia katikati ya mwaka 2025 Manitoba, British Columbia, Kisiwa cha Prince Edward na eneo la Yukon zilikuwa zimesaini. Quebec, yenye mfumo wake wa tangu 1997, na Alberta zilisema mapema kwamba hazitajiunga na kwamba zinataka mgao wao wa fedha zijipangie zenyewe.